Fundi wa Dari na Kidole cha Daktari

Wapendwa, hebu tazameni juu kidogo. Basi, basi, inatosha, msije mkaniletea bili ya hospitali! Sasa kulikuwa na fundi mmoja wa kupaka rangi dari, ambaye alitazama juu hivyo miaka thelathini. Rangi nyeupe ilimdondokea ndevuni mpaka mkewe akawa anamwita beberu.

Mke akafa. Watoto walikuwa mbali. Kisha shingo ikaanza kuuma. Akitaka kugeuka, anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Na fundi wa dari asiyeweza kutazama juu, mwaka huu atakula nini?

Akaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, akamkalisha, akasimama nyuma yake.

"Baba, shingo yako ni mifupa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kwa nyuma, kila mfupa unashikana na mwenzake kwa viungo viwili vidogo, kulia na kushoto, kama bawaba za mlango. Ukitazama juu, vinabanana. Kimojawapo ndicho kinakusumbua."

"Kipi?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Picha inaonyesha vingi vimelika, lakini kuna watu wana picha mbaya kuliko yako na hawaumwi kitu. Nitabonyeza kimoja kimoja. Penye maumivu, sema. Hapo nitachoma sindano ya ganzi, na maumivu yakitulia tutajua tumempata mwizi. Ila ukinidanganya, nitachoma kiungo kisicho na kosa, na utarudi nyumbani na shingo yako hiyo hiyo."

Akaanza juu, chini ya fuvu.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?" Bega la fundi likaruka. "Hapana, daktari. Endelea tu."

Akaendelea hadi chini, akacheka.

"Baba, shingo imekwisha! Nimefika kwenye kola ya shati."

"Basi anza tena juu."

Daktari akaacha kucheka. "Baba, pale pa tatu uliruka kama umekanyaga kaa la moto. Mbona ulisema hapana?"

Fundi akatazama sakafu.

"Ningesema ndiyo, binti yangu, ungeondoa mkono. Tangu nimzike mke wangu, mwaka wa tatu huu, hakuna aliyenigusa. Kinyozi tu, na yeye anatumia mashine."

Mnacheka? Chekeni, nami nilicheka. Lakini sikucheka muda mrefu.

Daktari alichoma pale pa tatu. Baada ya muda fundi akatoka chumbani, akasimama kwenye korido, akageuza kichwa kulia. Hakuna maumivu! Akageuza kushoto. Hakuna! Akatazama juu, kwenye dari ya hospitali, akaona walivyoipaka vibaya, akafurahi zaidi. Akageuka kumtafuta wa kumwonyesha. Benchi la wasindikizaji lilikuwa tupu.

Je, mtu huyu hakuwa na kanisa? Alikuwa nalo! Kila Jumapili walimwuliza, "Shingo inaendeleaje?" Naye, "Namshukuru Mungu." Wao, "Amina!" Halafu mbio kwenye chai na maandazi. Nani alimfundisha kujibu hivyo? Ni sisi, wapendwa. Kwetu mtu akiulizwa habari, lazima ziwe nzuri. Akithubutu kusema ni mbaya, tunatazama saa. Jina lake tunalitaja kwenye kipaza sauti wakati wa maombi ya wagonjwa, lakini nyumbani kwake hatujui hata kama ana kiti cha pili.

Basi leo kila mmoja wetu amtafute mtu anayeishi peke yake, amwulize ana siku gani ya kwenda kliniki. Atakujibu, "Usijisumbue, namshukuru Mungu." Nakusihi, ndugu yangu, hapo usiseme amina. Sema, "Nikupitie saa ngapi?"