Kirago na Bunduki Zisizotaka Mkwaruzo

Hapo zamani, enzi ambazo bunduki za wafalme zililia siku za harusi kuliko siku za vita, mji wa Kivumoni ulikuwa na mtawala wake, jina lake Sultani Mahfudhi. Naye alikuwa na bunduki za gumegume zimetundikwa ukuta mzima wa baraza, kila moja mtutu wake umefungwa kwa pete za shaba ya manjano, na kitakoni ina bamba la shaba hiyo hiyo. Hazikupata kuua hata kanga, lakini Sultani alizipenda kama mtu apendavyo watoto wake.

Ikawa mwaka mmoja akazuriwa na Sultani wa Tondooni. Mgeni akala, akanywa kahawa, kisha akaonyeshwa bunduki. Akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo ya pete moja, akatabasamu, akasema, "Naona hapa kwenu paka ni wengi."

Basi neno lile likamkwama Sultani Mahfudhi kama mwiba wa samaki. Na aliposikia kuwa mgeni yule atarudi kuhudhuria harusi ya binti wa Mahfudhi mwenyewe, akamwita Fundi Dadi, ambaye katika kazi ya shaba hapakuwa na wa kumshinda mjini. Dadi akasugua kwa ndimu na jivu la makumbi ya nazi, shaba ikawaka kama jua la asubuhi. Sultani akaichukua bunduki hadi dirishani, akaigeuza hivi, akaigeuza hivi, akaona mstari mwembamba mfano wa unywele.

"Hiki nini?"

"Maulana, shaba ikisuguliwa haikosi..."

"Mtieni gerezani," akasema Sultani.

Siku hiyo hiyo akaja fundi wa pili na majani ya msasa yaparuzayo, mkwaruzo ukaonekana, akafungwa. Akaja wa tatu na kitambaa cha bafta kilichofuliwa hata kikalainika, naye akawafuata wenzake. Ndipo ikapigwa mbiu: asuguaye shaba ya Sultani asitie jivu, wala mchanga, wala jani, wala nguo ya namna yoyote, kwani vyote hivyo vina kucha, na atakayeacha mkwaruzo, awaye yote, atafungwa.

Watu wakasikia, wakaingia majumbani mwao, wakafunga milango.

Sasa palikuwa na mtu fukara, jina lake Mwinjuma, ila watu walimwita Kirago, kwa kuwa mali yake yote ilikuwa kirago kimoja cha kulalia. Kazi hana, ila ulimi anao. Na kila adhuhuri, kwa miaka mingi, alikuwa akila kwa Fundi Dadi. Siku ile akaenda kama desturi yake, akamkuta Bi Msimu, mkewe Dadi, ameketi kizingitini, mikono mapajani.

"Shikamoo, shemeji. Leo sisikii harufu ya kitu."

"Marahaba. Utasikiaje? Mwenye kuleta samaki yuko kwa Sultani, na mimi siwezi kuwasha moto nikala peke yangu. Kwetu hatukuzoea hivyo."

Kirago hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, akajifanya anakuna shingo. Kisha akasema, "Shemeji, niazime kile kitambaa chako cha hariri ulichoolewa nacho. Nitakirudisha, na mumeo nitamrudisha."

"Wewe utasugua shaba? Wewe hata sufuria hujapata kuosha."

"Sitasugua mimi," akasema Kirago.

Bi Msimu akamtazama sana, kisha akaingia ndani, akakitoa.

Basi Kirago akaenda barazani, akapiga magoti. Sultani akamwambia, "Ewe Kirago, umelisikia sharti langu?"

"Nimelisikia na nimelitii, ee maulana. Hakuna jivu, hakuna mchanga, hakuna jani, hakuna nguo. Kilichobaki ni kiganja cha mwanadamu na tone la mafuta ya nazi. Lakini si kila kiganja. Changu hiki kina sugu, kitakwaruza shaba. Nataka kiganja kisichopata kushika jembe, wala kamba, wala mchi. Nimekuja na hariri ya kukipimia: kiganja kikiparuza uzi, hakifai."

Sultani akaona maneno yana akili, akaamuru watu wa baraza wapimwe. Akaanza Akida Sefu, mkuu wa askari. Hariri ikamnasa mara moja, kwa sababu ya mpini wa upanga. Akafuata Waziri Badawi, ambaye hakupata kubeba kitu kizito kuliko kikombe. Waziri akaficha mikono nyuma, akawa anaisugua ukutani, kwenye chokaa, kwa siri ambayo kila mtu aliiona.

"Mimi," akasema Waziri, "utotoni nililima sana."

"Mwenyezi Mungu akulipe," akasema Kirago. "Basi nisaidie kwa neno moja, ewe Waziri. Kila Ijumaa watu wakija kumwamkia maulana, wewe husema kiganja chake ni laini kuliko hariri ya Uajemi. Je, husema kweli, au hupamba?"

Waziri akatazama chini, akatazama juu. Akisema hupamba, amejiita mwongo mbele ya bwana wake. Akisema kweli, amempeleka bwana wake kazini. Akasema, "Ni kweli tupu."

Na Sultani, ambaye sifa hazikupata kumshibisha, akanyoosha mkono mwenyewe. Hariri ikateleza juu ya kiganja chake kama maji juu ya jani la myugwa. Baraza zima likasema, "Mashallah." Kabla hawajanyamaza, Kirago alikwisha kuweka bunduki mapajani mwa Sultani na kudondosha mafuta.

Sultani akakasirika, kisha akaona haya kukasirika, maana sharti lilikuwa lake na kiganja kilikuwa chake. Akaanza kusugua. Kwanza akasugua kwa madaha, kama mtu apapasaye paka. Kirago akasema kwa adabu, "Kwa nguvu kidogo, maulana, haijaamka." Akaongeza nguvu. Jasho likamtoka chini ya kilemba, bega likamuuma, na kiganja kikawa cheusi ti.

"Mbona inatoa wino?"

"Ndiyo taka yake, maulana. Ikitoka huku huingia huko."

Hata alasiri ikaadhiniwa, Sultani alikuwa amemaliza pete moja tu, lakini pete ile iling'aa hata Akida akaona ndevu zake humo, akazitengeneza. Sultani akasimama, mgongo umepinda, akaipeleka bunduki dirishani kwa furaha. Akaigeuza hivi, akaigeuza hivi. Furaha ikamtoka usoni.

Palikuwa na mstari, mwembamba kama unywele. Akautazama mkono wake, akaona pete yake ya kidoleni.

Sultani akauliza polepole, "Mkwaruzo huu, nani aliyeutia?"

"Maulana, mimi sikuigusa," akasema Kirago. "Nilishika chupa ya mafuta, na baraza ni shahidi. Na hukumu ya aliyeutia, mimi mjinga siijui. Pengine Waziri anaikumbuka mbiu."

Waziri akashikwa na kikohozi kisichokwisha.

Sultani akatazama viganja vyake vyeusi, akamtazama Waziri anavyokohoa, na kicheko kikamjia asijue kilikotoka. Akacheka hata akakaa chini sakafuni, akajifuta machozi, uso nao ukawa mweusi, na watu wakacheka naye kwa kuwa sasa waliruhusiwa.

"Fungueni gereza," akasema. "Ama muwatoe mafundi wangu, ama mnisogezee nafasi nami niingie."

Basi mafundi wakatolewa. Sultani akampa Fundi Dadi ile bunduki, akamwuliza, "Nifanyeje mstari huu utoke?"

Dadi alikuwa bado anafumba macho kwa mwanga. Akasema, "Hautoki, maulana. Shaba yote husuguliwa kuelekea upande mmoja, hata mstari ukapotea katika wenzake. Keti, nikuonyeshe."

Sultani akaketi. Na siku zote zilizobaki kabla ya harusi, akawa hutoka barazani akaenda kuketi na mafundi, akisugua na kuuliza maswali. Kirago naye akapewa joho na nyumba ndogo karibu na soko. Nyumba aliilalia, bali chakula cha adhuhuri aliendelea kukila kwa Bi Msimu, aliyekwisha kurudishiwa hariri yake.

Siku ya harusi Sultani wa Tondooni akafika kwa ngoma na zumari. Wakapeana mikono. Mgeni akashtuka, akaushika tena mkono wa mwenyeji wake, akaugeuza, akaona malengelenge na weusi uliogoma kutoka.

"Ndugu yangu, umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu," akasema Sultani Mahfudhi. "Katika mji wangu shaba naing'arisha mimi. Kwenu huing'arisha nani?"

Na harusi nzima, mpaka watu walipotawanyika, mgeni yule alikaa mikono yake ameificha ndani ya mikono ya joho.