Mafuta ya Shimo la Udongo

Hapo kale viungo vya watu havikuzeeka. Nywele ziliota mvi na meno yaling'oka, lakini bibi aliyesahau idadi ya miaka yake alichuchumaa na kuinuka kama msichana.

Nyamizi mfinyanzi alikuwa amechuchumaa hivyo, akisugua chungu kibichi kwa kokoto, jirani yake Kalunde alipofika akihema. Alisema Kabula, binti mkubwa wa Nyamizi aliyetumwa kuchota udongo, amenasa shimoni. Hazami zaidi wala hatoki.

Nyamizi aliweka chungu chini polepole. Alijua kosa lake. Kila aliyechimba udongo alipaswa kumwaga shimoni kibuyu kidogo cha mafuta ya ufuta. Mara tatu mfululizo yeye hakumwaga. Aliyatia kwenye mboga, maana watoto wanne wanakula, na shimo, alijiambia, halina tumbo.

Alimkuta Kabula amezama hadi kiunoni. Halii. Macho ameyafumba, na midomo yake ilipofunguka, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kama maji yanayobubujika matopeni.

"Mafuta yangu, mfinyanzi."

"Nyumbani yamekwisha," alisema Nyamizi.

"Umekuja nayo. Yamo magotini, nyongani, katika kila kiungo cha kidole."

Nyamizi alieleza kwamba ana watoto wa kulea, vyungu vya kuchoma na maji ya kuteka mbali. Akikauka leo, nani atafanya? Kalunde alimnong'oneza aache kubishana na ardhi kana kwamba yuko gulioni.

"Basi nitasubiri uzeeke," shimo likasema kwa kinywa cha mtoto. "Nitachota kidogo kidogo. Kwako, na kwa kila atakayezeeka baada yako. Leo naonja tu."

Udongo ukamwachia Kabula. Nyamizi alipoinama kumvuta, goti lake likalia, ko, sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia mwilini.

Na tangu siku hiyo, mzee akiinuka mkekani magoti humlia. Mvua ikikaribia mifupa humuuma, kwa kuwa udongo umenusa maji ukashikwa na kiu. Mgongo wake hupinda kuelekea chini, unakoitwa.

Ndiyo maana bibi, akishapakua ugali, huketi kwa kushikilia ukuta. Goti likilia, huhesabu vichwa vya watoto kuzunguka sinia. Wakitimia, hanung'uniki. Hunawa, akala.