Fundi Aliyefuata Chuma Chini ya Ardhi

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupitisha mabomba ya maji chini ya nyumba na barabara bila kuchimba mtaro. Mashine inakaa mbali, inasukuma chuma cha kuchimbia, nacho kinapita huko chini gizani. Wenzake wote walibaki kwenye mashine. Yeye alitembea juu peke yake, ameshika kifaa kinachonasa ishara ya kile chuma. Kila baada ya hatua chache anasimama, anasoma, anasema kwenye simu ya upepo, "Mita moja na nusu chini. Kimekwenda kulia, kirudishe." Anajibiwa neno moja tu, "Sawa." Kutwa nzima, hayo ndiyo mazungumzo yake.

Jumanne moja njia ikampeleka kwenye ua wa mama mmoja mjane. Akabisha hodi. Mama akafungua taratibu, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama. Chuma chetu kinapita chini ya ua wako. Naomba nikifuate."

"Marahaba. Pita, mwanangu."

Akamtolea kiti, akabandika chai kabla hajaombwa. Kwa nini mtu amchemshie chai fundi asiyemjua? Wakati mwingine ni ukarimu. Wakati mwingine ni kutafuta namna ya kumchelewesha mgeni.

Fundi akaendelea kupima, mama nyuma yake.

"Hicho chuma kinakujibu?"

"Kinatoa ishara muda wote, mama. Ndiyo maana sikipotezi."

"Na kikinyamaza?"

"Tunasimamisha mashine. Hatusukumi hata kidogo mpaka nijue kiko wapi."

Mama akakaa kwenye kile kiti alichomtolea mgeni.

"Mimi nimenyamaza tangu Pasaka," akasema. "Miguu ilivimba, nikashindwa kwenda kanisani. Nikikaa hapa nawasikia wanaimba. Hawajawahi kukatisha wimbo."

Fundi akainua simu ya upepo. Akawaambia wenzake wasimame.

"Kuna tatizo?" mwendesha mashine akauliza.

"Hapana. Nakunywa chai na mama."

Walikunywa bila haraka. Alipoinuka, mama akamwuliza, "Kesho mtapita tena?"

"Hapana, mama. Kesho tutakuwa ng'ambo ya barabara."

Akaitikia kwa kichwa, akamsindikiza akijikongoja, akabaki ameshika nguzo ya lango mpaka fundi alipopotea machoni.

Nawaona mnamsikitikia. Ngojeni kwanza. Yule fundi hakumfuata mama. Alifuata chuma, akamkuta njiani. Sisi tuliobatizwa pamoja na watu wetu, tukazika nao, tukala harusini kwao, tunamfuata nani? Tunasema, "Siku hizi fulani simwoni," na tunalisema huku tunatembea kwenda kula. Hatusimami. Mtu akitoweka kwenye benchi, tunasogea tujaze nafasi yake.

Nilikuwa na kurasa tatu zaidi za mahubiri. Nimezikunja. Sasa ni saa nne asubuhi na siku bado ndefu. Kila mmoja wetu hapa tayari ana jina la mtu moyoni. Usiniletee mimi jina hilo nimwombee.

Nenda ukabishe hodi.