Kwa Nini Mfungaji Humwendea Golikipa Kwanza

Mnaowaona leo wakicheza magongo barafuni hawakuanza na adabu hii. Zamani katika ligi yao, mfungaji wa bao hakugeuka nyuma. Akishatia kile kisahani cheusi wavuni, aliwakimbilia wenzake kushangilia, na golikipa aliyelala pale kwenye barafu hakuwa na mwenyewe.

Enzi hizo ndizo alizocheza Mnjala, mzaliwa wa Wundanyi, aliyepelekwa nchi za baridi akiwa mdogo na mama yake, muuguzi. Huko alijifunza kuteleza kwa viatu vya chuma, akawa mchezaji wa kulipwa. Kwa miaka kumi na saba, golikipa aliyejua kesho anakutana naye hakupata usingizi. Watu walimwita Radi.

Mwaka mmoja, kwenye fainali, aliyesimama langoni upande wa pili alikuwa Eero, ambaye walikulia mtaa mmoja. Dakika za mwisho Mnjala alipiga. Eero alijitupa, shingo ikagonga nguzo ya goli, kisahani kikapita. Uwanja ulilipuka. Mnjala alibebwa juu juu, akazungushwa na kombe, na muda ulikwenda kabla hajatupa jicho langoni. Eero alikuwa bado chini.

Hospitalini alimkuta shingo imefungwa, miguu imekufa ganzi.

"Nilikuita," Eero alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

"Sikukusikia, ndugu yangu."

"Najua. Kelele zote zilikuwa zako."

Maneno hayo Mnjala hakuyasahau. Msimu uliofuata, kila alipofunga, alimwendea golikipa kwanza, akapiga goti na kumuuliza, "U mzima?" Watazamaji walimzomea. Kocha alimwambia anaipoza timu. Hakuacha. Na kila Jumapili alimsukuma Eero kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukingoni mwa ziwa, wakabishana juu ya mabao ya utotoni. Eero hakutembea tena, lakini kucheka alicheka.

Wa kwanza kumwiga Mnjala walikuwa wapinzani wake, kisha wenzake, mmoja mmoja. Alipotundika gongo alikuwa amefunga mabao mia saba na ushei, na leo wanaoyakumbuka ni wachache.

Lakini tangu msimu ule, mfungaji hashangilii mpaka apige goti mbele ya golikipa, amsikie akisema kwa kinywa chake kwamba ni mzima.