Maziwa ya Mzee Kagabo

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mbambu aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini kuijua methali ni jambo moja na kuinama ni jambo jingine.

Alikuwa mshauri wa watu wenye majonzi, binti wa wenye maduka wa mjini Butembo, mwenye moyo mweupe na mkoba uliojaa fomu. Alifundishwa kwamba huzuni hulishwa na mawazo. Mtu akiliandika wazo lake na kulipima kwa ushahidi, mzigo hupungua. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kasoro ni kwamba fomu zile zilitungwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Lushebere.

Katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere aliishi mzee Kagabo, mfugaji aliyekimbia vita akapoteza ng'ombe wake wote, kisha mkewe akamfia njiani. Tangu hapo aliamini kwamba mkono wake una mkosi. Binti yake, Umulisa, alijifungua mtoto wa kike, na kwa desturi ya nyumba yao ilimpasa babu ampakate na kumpa jina. Mwezi ukapita, mzee hakumgusa. Mtoto aliitwa "huyu" tu, na mama yake aliumia kimyakimya.

Siku ya kwanza Mbambu alipofika, mzee alimkaribisha kwa kikombe cha maziwa, ambayo Umulisa alihangaika kuyatafuta tangu alfajiri. Mbambu akakumbuka kanuni ya kazi: mshauri hapokei zawadi. Akatabasamu, akakataa, akatoa fomu.

"Papa, kutoka zero mpaka kumi, huzuni yako iko ngapi?"

"Tuko muzima," Kagabo akajibu.

Mara tatu Mbambu alirudi, na mara tatu mzee alikuwa mzima. Safari ya tatu Umulisa akamsindikiza.

"Dada Mbambu, kwetu muntu akikataa maziwa, amekataa na mwenye nyumba. Papa atakuambia nini tena?"

Mbambu alitahayari, akatamani ardhi immeze. Kesho yake aliziacha fomu nyumbani. Aliketi mkekani, chini kuliko kigoda cha mzee, akaomba radhi, kisha akaomba maziwa. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote. Kusema kweli hakuyapenda, maana yalikuwa yameganda, lakini hakukunja uso. Mzee akaanza kumtajia majina ya ng'ombe wake mmoja mmoja, na tabia ya kila mmoja, kisha akasema ni mkosi wa mkono wake uliowamaliza, naye Mbambu akasikiliza hadi jua likasogea.

"Papa," akasema mwishowe, "ng'ombe yako ikipotea, muntu akikuambia iko kule Mpofi, unamuamini tu?"

"Hapana. Ninafwata nyayo."

"Na hii neno inasema mukono yako iko na mukosi, ulifwata nyayo yake?"

Kagabo alivigeuza viganja vyake, akavitazama. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Wakakubaliana kuzifuata nyayo. Jirani yao Shyaka alikuwa na ndama aliyefiwa na mama, dhaifu, miguu ikimtetemeka. Mzee angemlea kwa wiki mbili, waone kama mkono wake una mkosi kweli. Mbambu aliingiwa na hofu. Ndama akifa, mzee angeamini mkosi wake maisha yake yote.

"Papa, ndama kama hii inaweza kufa mu mukono ya muntu yeyote," akamwonya.

"Ninajua. Ndama ninaijua kuliko wewe," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza macho yake yakacheka.

Wiki ya kwanza ndama alikataa kunywa. Mzee akamnyonyesha kidole kilicholowa maziwa, akimwimbia nyimbo ambazo Umulisa alidhani zimepotea pamoja na ng'ombe. Siku ya kumi ndama alimpiga mzee kichwa cha tumbo, akamkalisha kwenye matope. Kagabo alicheka mpaka majirani wakatoka kuchungulia. Umulisa alilia kwa furaha.

Mzee alinawa mikono, akaketi, akainyoosha.

"Mulete huyu."

Akampakata mjukuu wake, akamtazama usoni. "Jina yake njo Mukundwa," akasema. "Mupendwa."

Umulisa akaenda kuleta maziwa ya mgeni. Alipogeuka, Mbambu alikuwa ameshaketi mkekani, mikono yote miwili mbele, akisubiri. Hakika, ukitaka cha mvunguni sharti uiname.