Mbwa Hafi Ahamia Kwenye Vikaango

Vikaango! Jamani, vikaango! Mtu anauza filamu miaka kumi na tisa, anazijua kama anavyoyajua meno yake, halafu anakabidhiwa vikaango kama adhabu, na leo hii... Ngojeni kwanza nivute pumzi. Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtasema naongopa.

Kuna methali ambayo sote tuliiandika kwenye mtihani: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukaeleza vizuri tu, kwamba kifaa cha kazi kikiharibika ujuzi wa mwenye kazi haujafa, tukapewa alama zetu, tukaenda zetu. Nani kati yetu aliwahi kuliona hilo koleo? Mimi nimeliona mwezi huu. Lilikuwa la mviringo, lina tundu katikati, na ukiligeuza kwenye mwanga linatoa rangi za upinde wa mvua. Lilikuwa diski ya filamu.

Mhunzi mwenyewe ni shangazi yangu. Anafanya kazi kwenye lile duka kubwa la ghorofa mbili, lenye milango ya vioo inayofunguka kabla hujaamua kama unaingia au la. Zamani idara yake ya filamu ilikuwa na rafu sita. Filamu mpya ikifika, watu walipanga foleni mpaka kwenye sabuni. Kisha rafu zikawa nne, zikawa mbili, ikabaki moja, imebanwa kati ya ndoo za plastiki na vifuniko vya simu, na pembeni yake kapu la waya lenye filamu za bei ya kutupa, zimelaliana kama nguo za mitumba. Hata deki za kuchezea hizo diski duka liliacha kuziuza.

Lakini rafu ile moja ilikuwa na kitu ambacho hakikuwepo duka lingine lolote. Miaka mingi nyuma, baba mmoja alimnunulia mtoto wake filamu yenye picha ya mbwa anayecheka. Kesho yake akarudi nayo, macho mekundu, akaigonga mezani. "Mbwa anakufa!" alifoka. "Mtoto hajala tangu jana, mama yake hajala, na mimi mwenyewe sijisikii vizuri! Mngesema!"

Shangazi alimrudishia hela yake na tangu siku hiyo hakuuza tena filamu asiyoitazama mpaka mwisho. Akiimaliza, anachukua kipande cha karatasi ya risiti, anaandika mistari miwili kwa wino wa kijani, anakibandika kwenye kasha. "Mapenzi ya kweli, ila ikifika dakika ya arobaini wapeleke wakwe jikoni." "Picha ya kasha ni nzuri kuliko filamu. Nunua kama unapenda kasha." "Wanapigana saa nzima na hachoki mtu ila mtazamaji." Na penye mbwa yeyote, hata akipita njia tu, aliandika kwanza hatima yake: "Mbwa hafi." Basi duka zima likambatiza jina hilo, kuanzia mlinzi wa mlangoni mpaka wateja. Mbwa Hafi yuko? Mbwa Hafi kaenda kula.

Na watu walikuja kwelikweli! Walisimama pale kwenye rafu yake wanasoma, wanacheka, wanasomeana kwa sauti. Shangazi akiwatazama, roho yake kwatu. "Eti filamu zimekufa," alikuwa akituambia nyumbani, mikono kiunoni. "Njooni muone umati wangu!"

Kumbe umati nao una mambo yake.

Meneja wa duka ni kijana mwenye tai fupi na maneno marefu. Jumatatu moja alimfuata Shangazi pale rafuni, na siku hiyo maneno yakawa mafupi.

"Mama, rafu ya filamu inaondoka Jumamosi."

"Inaondoka inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inaisha. Wasambazaji hawaleti tena, dunia nzima inatazamia kwenye simu."

"Na watu wote hawa wanaosimama hapa?"

"Ndiyo hivyo, Mama, wanasimama. Kusimama si kununua."

Meneja akaangalia viatu vyake, akaendelea: "Nimekuombea nafasi kwenye vikaango. Wauzaji watatu wamepita pale wakashindwa. Nakupa wiki mbili. Visipotoka, sina pengine pa kukuweka."

Naomba mnielewe uzito wa maneno hayo. Shangazi amebakiza miaka mitatu tu astaafu kwa heshima. Kwa umri wake, akitoka pale, hakuna duka litakalomvalisha sare tena.

Jumamosi ikafika kama ilivyoahidi. Filamu zilitiwa kwenye maboksi na zile karatasi za wino wa kijani zikabanduliwa, zikafagiliwa pamoja na vumbi. Shangazi alisimama na ufagio mkononi, hakulia, alifagia tu. Karatasi moja ilimponyoka. Mlinzi akaiokota, akaiweka kwenye kofia yake.

Jumatatu akaanza vikaango. Kulikuwa na aina tatu: cheusi cha chuma, kizito, chekundu cha kishikio kirefu, na kimoja kinachong'aa mpaka unaweza kujitazama ukachana nywele. Makao makuu walikuwa wameleta kadi zilizochapishwa tayari: "Kikaango bora kwa familia bora!" Kadi ileile kwa vyote vitatu. Shangazi akazibandika kama alivyoambiwa, akasimama pembeni, mikono nyuma. Watu wakapita, wakasoma kadi, wakaendelea na safari zao. Jumatatu hakuuza hata kimoja, Jumanne vilevile. Jumatano alikuja mama mmoja akashika chekundu, Shangazi akanyoosha mgongo, yule mama akauliza choo kiko wapi.

"Mbwa Hafi," mlinzi alimtania alipopita, "naona huku hata mbwa hapiti!"

"Nenda kalinde mlango wako, usije ukaibiwa."

"Unaniua bure. Haya, chukua dawa yako." Akatoa ile karatasi kwenye kofia, akaibandika kwenye kikaango cha mbele. Wino wa kijani, maneno mawili: "Mbwa hafi." Shangazi akataka kukasirika, akacheka, akaiacha.

Na hiyo karatasi, jamani, ndiyo iliyofanya kazi!

Alhamisi akaja mwalimu mstaafu mmoja, mzee wa miwani mizito, ambaye kila Alhamisi kwa miaka mingi alikuwa hakosi kwenye rafu ya filamu. Alikuta pale pamejaa vifuniko vya simu tu. Akageuka aende zake, ndipo akauona kwa mbali wino wa kijani katikati ya vikaango.

"Mwanangu!" alisema. "Nilidhani umehama mji! Karatasi zako ziko wapi?"

"Zimefagiliwa, Mwalimu. Filamu zimeondolewa, haziuziki."

"Lo! Sasa nitatazama nini wiki hii?"

"Si utatazama zile ulizonunua?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mwanangu, mbele yako siwezi kusema uongo. Deki yangu iliharibika miaka minne iliyopita. Nilikuwa nakuja nasoma karatasi zako, nachagua, kisha nikifika nyumbani mjukuu ananitafutia filamu yenyewe kwenye simu."

Shangazi alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Miaka minne, Mwalimu!"

"Na si mimi peke yangu. Tunafahamiana. Yule bwana wa baiskeli, yule dada wa saluni..."

"Kumbe ninyi ndio mlioiua rafu yangu! Mimi nawaita umati, kumbe ni msiba!"

"Tupa lawama, nimezipokea," Mwalimu alisema kwa upole. "Lakini nisikilize. Simu ina filamu elfu na zaidi. Haina mtu wa kuniambia ipi itanikosesha usingizi. Huyo alikuwa hapa." Kisha, kwa aibu yake, akashika kikaango kinachong'aa. "Nami nisiondoke mikono mitupu leo. Hiki ni kizuri?"

Shangazi akafungua mdomo aseme kikaango bora kwa familia bora. Maneno yakagoma.

"Sijui," alisema. "Sijakitazama mpaka mwisho. Rudi Jumatatu."

Alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akasaini fomu ya bidhaa za majaribio, akarudi nyumbani na vikaango vitatu kwapani. Na hapo ndipo mateso yetu yalipoanza! Tulikula mayai Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, asubuhi na jioni. Alikaanga kwa moto mdogo, akakaanga kwa moto mkali, akasugua kwa mchanga, akaangusha sakafuni kwa makusudi, akaniita nishike kishikio nihesabu mpaka thelathini. Nilifika kumi na moja nikapiga kelele. Mumewe alisema akiona kumekucha anasikia hamu ya kuwika.

"Unajua nini?" Shangazi aliniambia Jumapili, amejaa masizi mpaka puani, anageuza yai la hamsini. "Nilidhani nauza diski. Wenyewe walikuwa hawana hata pa kuzitia! Walikuwa wanakuja kwangu. Kwangu, mtoto wewe!" Akacheka mpaka yai likaungua, na hilo nalo akaliandika.

Jumatatu kadi za makao makuu zilikuwa zimesukumwa pembeni ya rafu, na wino wa kijani umerudi kazini. Kwenye cheusi: "Kizito kama neno la mama mkwe, lakini hakigandishi. Kipashe moto kwanza, acha papara." Kwenye chekundu: "Kishikio kinaiva kabla ya yai. Chukua na kitambaa." Kwenye kinachong'aa: "Kinang'aa hapa dukani tu. Kwangu kililing'ang'ania yai kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza."

Mwalimu akaja, akasoma, akacheka mpaka miwani ikateleza, akaondoka na cheusi. Na safari hii alinunua kweli! Jumanne akaja bwana wa baiskeli. Jumatano dada wa saluni na wateja wake wawili, rola bado ziko kichwani. Kufikia Ijumaa mlinzi alikuwa anaelekeza watu bila kuulizwa: "Vikaango vinavyosema ukweli? Ghorofani, kulia!"

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya wiki mbili. Nilikuwepo, nimejibanza pale ninajifanya nachagua mwiko. Meneja alikuwa siku tano kikaoni huko makao makuu, kwa hiyo hakuwa ameona lolote. Akapanda ngazi, akatazama rafu, akasoma. Uso ukabadilika rangi.

"Mama! Umeandika kwamba bidhaa yetu inang'ang'ania mayai?"

"Inang'ang'ania. Nimeitazama mpaka mwisho."

"Mama, hii ni kazi yako! Nimekuombea nafasi, nawe unanichomea duka!" Akanyoosha mkono abandue karatasi ya kile kinachong'aa.

"Wewe kaka, subiri, bado nasoma," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi. Akamaliza kusoma, akacheka puani, akatia kapuni kikaango cheusi.

Meneja akamwuliza kwa sauti ya kibiashara, "Samahani, mama, kwa nini hukuchukua hiki kinachong'aa? Kadi yake inasema ndicho bora."

"Kadi inasema vyote bora," alijibu yule mama. "Huyu kaniambia kipi kibaya. Sasa akiniambia kipi kizuri, kwa nini nisimwamini?" Akaenda zake kulipa.

Meneja akageuka kuangalia rafu. Nafasi ya vikaango vyeusi ilikuwa tupu, vyekundu vimebaki viwili, na vitambaa vya jikoni vya rafu ya jirani vimekwisha kabisa. Ni vile vinavyong'aa tu vilivyokuwa vimejipanga kamili, vinamrudishia sura yake mwenyewe, mdomo wazi.

"Na hivi tutavifanya nini?" aliuliza taratibu.

"Mrudishie aliyevileta. Filamu mbaya nazo nilikuwa naziandika hivyohivyo, mwanangu."

Hakusema hongera. Watu wenye tai hawasemi haraka. Alishuka ngazi, nami nikabaki nimeukumbatia mwiko moyo unanidunda, nikijua kaenda kuandika barua ya kumfukuza. Baada ya dakika kumi akarudi. Kwapani ana mwavuli mpya, bado uko kwenye nailoni. Akauweka mbele ya Shangazi.

"Huu wanasema haupinduki kwa upepo," alisema, akikohoa kuficha aibu yake. "Jumatatu ipo, Mama. Na Jumatatu zinazofuata. Mvua ikinyesha utatuambia."

Nimetoka kwake sasa hivi. Amekaa barazani, kalamu ya kijani sikioni, mwavuli mapajani, anaitazama mbingu kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa nyuma ya nyumba. Kesho nitawaambia mwavuli umesema nini, kama utakuwa bado una mbavu. Leo mnijibu tu mlioandika ule mtihani pamoja nami: koleo limevunjika, limetiwa kwenye maboksi, limekwenda zake, na mhunzi yuko barazani anasubiri mvua; je, uhunzi umekwisha? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi!