Namba na Jirani Yake

Bwana Mbarouk alitia kisima chake kufuli, mtaa mzima ukashikwa na kiu. Mashavu, muuza vitumbua, akamwendea na punda wake.

"Taja namba yoyote, kubwa utakavyo, uizidishe kwa jirani yake anayefuata. Jibu likiwa witiri, punda ni wako. Kila likitoka shufwa, tunateka mapipa mawili."

"Punda wangu huyo!" Mbarouk akacheka. Tisa mara kumi: tisini, shufwa. Akapanda maelfu, akaparamia mamilioni, kanzu chapachapa kwa jasho. Shufwa tupu! Kufika alasiri mtaa ulikuwa unaoga, unafua, watu wanamwagiana maji.

"Umeniroga!"

"Wapi! Kila witiri jirani yake ni shufwa, na shufwa mmoja akiwemo, jibu zima hugawanyika kwa mbili. Namba hufaana na jirani zao, bwana. Mwenye kufuli ni wewe tu."